Kinukta Kati ya Mabega Mawili

Harusi huwa Jumamosi, lakini mwili wa mpigapicha huipata habari Jumanne. Jumapili miguu bado ina joto la jana, na Jumatatu mtu hujidanganya kwa kazi za kukaa. Jumanne, anapoinama kuvaa viatu, ndipo magoti yanapotoa ripoti yao, kisha kiuno, kisha lile bega la kulia ambalo limebeba mkanda wa kamera kwa miaka thelathini na moja.

Jumanne hiyo mtu waliyemwita Kidevu alifungua studio yake saa tatu kasorobo, akakaa kwenye stuli ya wateja badala ya kiti chake, kwa kuwa stuli ilikuwa karibu zaidi na mlango. Jina hilo halikutokana na kidevu chake, ambacho kilikuwa cha kawaida tu, chenye mvi chache alizosahau kunyoa. Lilitokana na maneno yake. "Kidevu chini kidogo. Kidogo tu. Usiangalie viatu, mama, nimesema kidogo." Mtaa mzima ulikuwa umewahi kukaa kwenye stuli ile na kuambiwa hivyo, kwa ajili ya pasipoti, kwa ajili ya vyeti, kwa ajili ya mchumba aliye mbali. Wengine wakikutana naye sokoni walishusha kidevu kabla ya kumsalimu.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la kijivu, kioo cha kujitazamia, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe, na dirisha pana lisilopigwa na jua. Dirisha hilo ndilo lililomfanya apange pale. Miaka yote hiyo alikuwa amelipia dirisha. Chumba kilikuja nalo tu.

Shemeji yake aliingia na chupa ya chai. Alikuwa mdogo wa mke wake, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ambaye alisimama miaka kumi na miwili nyuma ya kaunta ya duka la dawa mpaka duka lilipofungwa. Miezi minne iliyopita alikuja akasema anataka kujifunza kazi ya picha. Kidevu alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, akampa kamera ya akiba.

"Shemeji, umekaa kama mteja," alisema akimimina chai. "Nikupige ya pasipoti?"

"Nipige ya tangazo la msiba. Ndiyo itakayohitajika mapema."

"Basi usitabasamu, watu wasije wakadhani umefurahi kuondoka."

Kufundisha kwake hakukuwa na daftari. Alifundisha akinywa chai, akifuta lenzi, akilalamika. Somo la kwanza lilikuwa viatu. "Wanaotaka kazi hii wote wanauliza wanunue kamera gani. Hakuna anayeuliza viatu. Harusi ni saa kumi za kusimama, na hakuna bibi harusi atakayekuuliza kama umekaa." Somo la pili lilikuwa kula: ule nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu ukumbini chakula kikifika mezani kwako ndipo baba mkubwa wa bwana harusi anaposimama kutoa hotuba. Somo la tatu lilikuwa kwenda ukumbini siku moja kabla, saa ileile ya shughuli, usimame tu, bila kamera, uone jua linaingilia wapi na linamchoma nani.

Mengine yalitoka yenyewe, kazini. Gauni jeupe huihadaa kamera. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaubana, na uso wa bibi harusi unatoka kama umepakwa masizi. "Pima mwanga usoni, shemeji, achana na gauni. Gauni litarudi kabatini. Uso ndio anaoondoka nao." Picha za ukoo zianze na kundi kubwa, kisha lipunguzwe kidogo kidogo, wazee wakiwa wa kwanza kuachiwa wakakae. Usimwambie mtu atabasamu, maana atakuonyesha meno. Muulize jambo, umtazame anapotafuta jibu. Mikono ya wanaume haijui pa kwenda, ipe kitu. Na ukihesabu moja, mbili, tatu, usipige kwenye tatu. Kwenye tatu kila mtu amebana pumzi. Waache washushe, piga hapo.

Na juu ya yote, macho. Sikio linaweza kupotea kwenye ukungu, bega linaweza kupotea, lakini jicho lililo karibu na kamera lisipotoka sawasawa, hiyo ni picha ya nguo tu.

Shemeji alishika haraka. Miaka kumi na miwili ya kusoma mwandiko wa madaktari ilikuwa imempa macho yasiyokubali kuburuzwa.

Hawajamaliza vikombe, bibi harusi akaingia.

Hakuwa tena na gauni, bila shaka. Alikuwa na sketi ya kazi na mkoba uliojaa karatasi za rangi, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa chekechea. Harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki mbili nyuma, na picha alikuwa ametumiwa juzi kwenye simu. Alisalimia kwa heshima, akakataa chai, akabaki amesimama.

"Fungate inaendaje?" Kidevu aliuliza.

"Inaenda, baba. Nimekuja kwa jambo moja." Aliongea polepole, kama anayeongea na mtoto aliyemwaga maji. "Picha zote nimezipenda. Za ofisi ya msajili nzuri. Za ukumbini nzuri, hata shangazi zangu wametoka wembamba, wamenituma nikushukuru. Ni hii moja."

Alimpa simu. Kidevu aliinyoosha mbali kwa urefu wa mkono, akairudisha karibu, akainyoosha tena. Aliona mwanaume mwenye suti nyeusi, mwanamke mwenye gauni jeupe, na nyuma yao ule ukuta wa bustani uliotambaliwa na maua mekundu.

"Mbona nzuri."

"Angalia vizuri, baba."

"Naangalia."

Bibi harusi akaikuza picha kwa vidole viwili. "Hiki ni nini?"

"Ua."

"Limetoka?"

"Limetoka sana."

"Kweli. Nimehesabu petali zake. Na huyu hapa ni nani?"

"Si mzee wako?"

"Umemjuaje? Ana pua? Ana macho?" Sauti yake ilibaki ya darasani, lakini mkono wake uliutafuta ukanda wa mkoba ukaushika. "Umemjua kwa suti. Umeyapiga maua picha nzuri sana, baba. Baba yangu ndiye amekuwa ukungu, na mimi pembeni yake nimekuwa ukungu mweupe. Umetupiga kumi na moja pale ukutani. Zote kumi na moja ziko hivi."

Kidevu alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"Yule mzee hapigwi picha," bibi harusi aliendelea. "Tangu nizaliwe sina picha naye. Siku niliyomaliza chuo alijificha nyuma ya gari, kwenye picha kuna viatu vyake tu. Siku ya harusi alikubali. Sijui alikubalije. Na Jumapili hii mimi na mume wangu tunahama, kituo chake cha kazi ni mbali, tutarudi baada ya miaka miwili, labda mitatu. Mzee ana miaka sabini na moja."

Hakuimalizia hesabu hiyo.

"Nitampiga upya," Kidevu alisema.

"Hilo umwambie mwenyewe. Mimi nimeshamwambia. Amekataa."

Wakakubaliana waende kwa mzee kesho yake, Jumatano, saa kumi, bibi harusi akitoka kazini. Alipoondoka, Kidevu alimgeukia shemeji yake.

"Uliona?" Kidevu aliuliza.

"Niliona."

"Lini?"

"Palepale. Nilikuwa nimekushikia taa, nikaona kwenye kioo cha nyuma cha kamera."

"Ukanyamaza."

"Nilikuuliza, shemeji. Nilisema, umeziangalia? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alikuwa amemjibu mbele ya wageni kwamba yeye alianza kupiga picha shemeji akiwa bado anaruka kamba. Watu walicheka. Shemeji naye alicheka, kisha akainua taa juu zaidi na hakuuliza kitu kingine mpaka mwisho wa shughuli.

Kosa lenyewe ni la kazi hii, na anayeanza anapaswa kuonywa mapema. Katikati ya tundu la kuchungulia la kamera kuna kinukta kidogo chekundu. Pale kinapotua ndipo kamera inapopaona sawasawa. Ukiwa na mtu mmoja mbele yako, kinamtua usoni, mambo yamekwisha. Lakini waweke wawili bega kwa bega, na katikati hakuna uso. Kuna pengo. Kinukta hupita katika pengo hilo, kati ya bega la baba na bega la binti, kikaenda kutua nyuma, ukutani, kwenye maua. Kamera haijui kwamba ulikuwa unamtaka mzee. Mpigapicha mwenye macho hugundua mara moja, akakisogeza. Kidevu aliwahi kuwafokea vijana watatu kwa kosa hilohilo, na mmoja wao akaacha kazi.

Shemeji alipotoka kununua betri, Kidevu aliinua kamera jichoni akaielekeza kwenye kitana. Ukungu. Kando ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kulinganisha kioo na jicho la mtu. Akakizungusha kwa ukucha. Hakikuzunguka. Mwaka jana alikizungusha kidogo, akaona. Baada ya miezi michache akakizungusha tena, akaona. Sasa kilikuwa kimefika mwisho, na upande wa pili wa mwisho hapakuwa na kitu.

Kadi ya kliniki ya macho ilikuwa kwenye kopo la betri zilizokufa, mahali ambapo hakuna mtu angetia mkono. Mtoto wa jicho, daktari alimwambia, macho yote mawili, tutaanza na la kulia. Na baada ya upasuaji wiki kadhaa bila kubeba mzigo. Yeye alisema atarudi msimu wa harusi ukiisha. Lakini kwa mpigapicha msimu hauishi, unabadilisha nguo tu. Kadi ilikuwa na tarehe tatu, zote zimepita. Mke wake hakujua. Aliirudisha chini ya betri, akakaa tena kwenye stuli, akasikia uchovu ambao haukuwa wa Jumamosi.

Baba wa bibi harusi alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: meza ndefu chini ya dirisha, visanduku vya vidonge vilivyojaa skrubu ndogo kuliko punje za mchanga, na ukutani saa saba, zote zikitembea, zote zikikubaliana. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa shati la kazi lililochakaa kwenye kola, na paji la uso lilikuwa na mkanda ulioshika kile kioo cha fundi cha kuvaa jichoni, alichokuwa amekisukuma juu kama jicho la tatu lililopumzika.

"Hodi," Kidevu alisema mlangoni.

"Karibuni. Kama ni mambo ya picha, mlango mlioingilia ndio huohuo wa kutokea."

"Baba!" bibi harusi alisema.

"Kwani sijawakaribisha? Nimewakaribisha. Kaeni."

Walikaa. Shemeji aliuegemeza mlangoni ubao mweupe mwepesi waliokuja nao wa kurudishia mwanga, na fundi akautazama kama mtu anayetazama mzigo ulioletwa nyumba siyo.

"Mzee wangu," Kidevu alianza, "nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Nimeambiwa maua yalitoka vizuri."

"Yalitoka."

"Basi peleka picha kwa mwenye maua."

Bibi harusi alicheka bila kutaka. Kidevu naye angecheka, lakini alikuwa ameshachoka toka alipoamka. Alisema kwamba angependa kuwapiga tena, hapohapo nyumbani, dakika kumi tu.

"Kwa suti gani?" fundi aliuliza. "Ile niliazima kwa jirani. Nimeirudisha, na yeye ameshaivaa msibani."

"Suti si lazima."

"Leo si lazima! Siku ile ilikuwa funga kifungo, fungua kifungo, geuka huku, geuka kule, nusu saa. Nilidhani nanyolewa."

"Baba, mimi ndiye ninayekuomba," bibi harusi alisema. "Sikukuomba kitu kingine."

Fundi alichukua koleo yake ndogo, akaiweka chini, akaichukua tena. Saa saba ziliendelea kutembea.

"Sikiliza, mama," alimwambia binti yake, na sauti ikawa nyingine. "Siku ile nilijipanga. Wiki nzima nilijipanga. Nilikuwa nikijiambia asubuhi na jioni, utasimama naye, utamshika mkono, watu watatazama, na hutafanya uso wa kijinga. Nikasimama. Si uliniona? Nilisimama mpaka mwisho. Kule kujipanga kumekwisha. Nikienda kutafuta kingine ndani, hakuna."

Binti akageukia dirisha. Kidevu alijua kwamba hapo ndipo kosa lake lilipokuwa limetua. Angeweza kufika na taa kumi na ukuta wa maua mengine. Ile wiki ya mzee ndiyo aliyoipoteza, na haiuzwi popote.

"Lete hicho chombo," fundi alisema ghafla.

Kidevu akamkabidhi kamera. Fundi aliipima uzito, akageuza, akakagua mishono yake kama anavyokagua saa iliyowahi kufunguliwa na mtu mwingine. Aliiweka jichoni.

"Mbona ukungu?" Akashusha, akaangalia kando ya tundu la kuchungulia. Ukucha wake mrefu wa kazi ulikigusa kile kigurudumu. "Hiki kimefika mwisho. Nani amekifikisha huku?"

Kidevu alijifikicha macho.

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Na la kushoto?"

"Linafuata."

Shemeji aligeuka mzima mzima. "Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

"Dada anajua?"

Kidevu akageukia saa za ukutani.

"Kwa hiyo hajui. Shemeji, wewe! Miezi minne unaniambia macho kwanza, macho kwanza, kumbe unaongea habari za wenzako."

"Usimgombeze," fundi alisema, "atatafuta uongo mwingine." Akaigeuza kamera upande wa pili, bado anaichunguza. "Mimi nilivunja saa ya mwalimu mkuu. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kuliko unywele. Nilikuwa naiona mbili. Nikaigusa ile ambayo haikuwapo, mkono ukaiangukia ile iliyokuwapo. Nikamwambia saa ilikuja imevunjika."

"Akakubali?" Kidevu aliuliza.

"Alikubali. Akanishukuru hata. Ningekuwa nimegombana naye ningeshaisahau." Alishusha kile kioo cha pajini, akakipandisha. "Jicho hili walinifanyia upasuaji. Nusu saa, nikatoka na kitambaa, siku ya pili nikaona uchafu wote wa nyumba hii. La pili nimeliacha, wateja wenyewe siku hizi wanaangalia saa kwenye simu."

Alimrudishia Kidevu kamera, kisha akamnyooshea shemeji bisibisi. "Huyu anaona?"

"Anaona kuliko mimi."

"Nimekuuliza anaona. Sijakuuliza kuliko nani."

"Anaona," Kidevu alisema.

"Basi nitakaa. Hapahapa, na shati hili. Sijipangi tena, mnichukue nilivyo. Na wewe hushiki hicho chombo."

Bibi harusi aligeuka kutoka dirishani haraka, kama anayeogopa neno hilo lisije likarudishwa.

Kidevu alikuwa ameuvaa mkanda wa kamera shingoni, kama siku zote. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuingia kwenye harusi bila mkanda huo; siku ya harusi yake mwenyewe alimpiga mke wake picha nne kabla hajaambiwa akae chini. Alisimama na kamera kifuani, na wote watatu wakamsubiri. Hakuogopa kwamba shemeji atakosea. Aliogopa kwamba hatakosea, na Jumamosi ijayo itakuwa hivihivi, na Jumamosi itakayofuata. Alimtazama bibi harusi. Siku nne kabla hajahama, alihesabu. Akainamisha kichwa, akautoa mkanda, ukakwama kidogo kwenye sikio, akampa shemeji.

"Nzito," shemeji alisema.

"Utazoea. Usizoee upande mmoja tu."

Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua pa kuiweka, akaanza kazi. Alizima balbu ya darini, kwa sababu umanjano wake ulikuwa unagombana na mwanga wa dirisha. Aliivuta meza inchi chache ili mwanga umjie mzee kwa ubavu, uingie kwenye mikunjo ya uso na utoke polepole upande wa pili. Aliondoa kalenda ukutani, maana ingeonekana kama imeota kichwani kwa mtu. Akamkalisha bibi harusi kwenye kigoda, karibu na bega la baba yake.

"Sogea mbele kidogo, mama. Nataka vichwa vyenu viwe umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Mmoja akibaki nyuma atapotea." Kisha kwa shemeji: "Kinukta ukitoe katikati, ukipeleke—"

"Kwenye jicho la mzee, lililo karibu. Nimeshakipeleka."

Kidevu akauchukua ubao mweupe, akasimama upande wa kivuli, akauinua ili urudishe mwanga kidogo kwenye shavu la binti. Mabega yalianza kulalamika saa hiyohiyo.

Fundi alikaa wima, mikono juu ya magoti, uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Shemeji alipiga mara moja, akatazama, akatikisa kichwa. Alipiga tena. Hakusema "tabasamu." Alishusha kamera na kumtazama mzee kwa utulivu uleule aliokuwa akiwatazama nao wagonjwa wenye cheti kisichosomeka.

"Mzee," aliuliza, "hiyo saa ya mkononi ya bibi harusi ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ipi?"

Binti akanyoosha mkono. Fundi, bila kufikiri, akaushika kwa vidole viwili, akaugeuzia dirishani, akashusha kioo chake jichoni, akakipandisha.

"Hii niliitengeneza akiwa darasa la sita. Inachelewa?"

"Haijawahi kuchelewa," binti alisema.

"Nilijua. Wewe ndiye unayechelewa. Hata harusini ulichelewa dakika arobaini, msajili akaniuliza kama nimekuficha."

"Baba, gari ndilo lilichelewa!"

"Gari halijitazami kiooni saa nzima."

Alikuwa bado ameushika mkono. Hakuutazama tena, alikuwa anamtazama mwenye mkono, na uso ulikuwa umefunguka bila mwenyewe kujua. Kamera ililia, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia. Kidevu hakuona vizuri kutoka pale alipokuwa. Aliona shati, aliona mwanga, aliona vichwa viwili vikielekeana, na kilichobaki alikisikia kwa mlio, kama mtu aliye jikoni anavyosikia wageni sebuleni wamefurahi. Alijua kwamba shemeji hapigi ovyo. Kati ya mlio na mlio alikuwa anasubiri pumzi zishuke.

Bila kukusudia alipiga hatua mbele, ili aone zaidi.

"Shemeji," alisema shemeji, jicho likiwa bado kwenye kamera, "unanikingia mwanga."

"Samahani."

Akarudi nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa neno hilo, neno alilowaambia wajomba, shangazi, wasimamizi wa harusi na askari mmoja wa barabarani. Halikuuma kama alivyodhani. Lilimchosha tu, kama ngazi ya mwisho ya jengo refu.

Bibi harusi ndiye aliyegutuka kwanza. "Imetoka?" aliuliza, na kwa mazoea akamgeukia Kidevu. Fundi naye akamgeukia.

"Muulizeni mpigapicha," Kidevu alisema.

Shemeji alikuwa ameinama juu ya kioo cha nyuma cha kamera, amekikinga kwa kiganja. Alikuza picha ya kwanza mpaka kwenye jicho, akaiacha. Akakuza ya pili, akaiacha. Hakuharakishwa na macho ya watu watatu. Alifika kwenye moja, akakaa hapo muda mrefu, akaisogeza kutoka kwenye jicho la baba hadi kwenye jicho la binti, na kurudi.

"Ya tano imetoka," alisema. "Na ya saba. Kwenye ya saba kope zake zinahesabika."

Alimpelekea bibi harusi. Bibi harusi alitazama, akafunga mdomo kwa kiganja, akampa baba yake. Fundi alishusha kioo jichoni, akaikagua picha yake mwenyewe kwa karibu sana, kama anayetafuta ufa.

"Huyu mzee anahitaji kunyoa," alisema. Lakini hakurudisha kamera upesi.

Kidevu alingoja waimalize. Hakuomba kuiona. Aliegemeza ubao kwenye goti akanyoosha vidole kimoja kimoja.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "kesho utaniandikia namba ya kliniki ya macho. Kadi iko studio, kwenye kopo la betri mbovu, maandishi yake ni madogo."

"Nitaandika. Na dada utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo." Akafikiri kidogo. "Na wa Jumamosi hii nitawapigia simu niwaambie ni wewe utakayewapiga."

Shemeji alikuwa amerudishiwa kamera, anautazama mwanga wa dirisha ambao ulikuwa unaanza kuwa laini, na mzee aliyekuwa amesahau kuachia mkono wa binti yake.

"Nataka moja zaidi," alisema. "Hivyohivyo walivyo. Inua, shemeji."

Kidevu akauinua ubao.